Amikejo: fasi ya wachimbaji yenye ilitaka luga yake

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama wenye munatungojea kila mangaribi, leo hatuanzi na mushahara. Tunaanza na maneno: namna wanayaunganisha, na fasi gani sauti inakaza. Wengine watauliza: « Sindika inatafuta nini mu mambo ya grammaire? » Mutuvumilie kidogo. Ku mushahara tutafika.

Mambo ilianzia ku karatasi. Kijana mumoja mwenye anatumika kwa sous-traitant alikuja kutuonyesha kontra yake. Alikuwa amemaliza miezi tano akiingia kila asubui sawa wengine, na kofia, na butu, na taa. Kisha wakamuambia: « Kesho usirudi. » Akauliza préavis iko wapi. Wakamuonyesha mukono wake chini ya karatasi. Ilikuwa imeandikwa: « travail à la journée ». Yeye, siku ile alitia mukono, alisoma haraka akaelewa « journée de travail ». Aliwaza wanamuandikia saa zenye atatumika kwa siku.

Maneno ni yale yale mawili, siku na kazi. Hata mu Kiswahili chetu, « siku ya kazi » na « kazi ya siku » si kitu kimoja. Siku ya kazi ni ile yenye kila mutu wa kontra iko nayo. Kazi ya siku ni kibarua: leo uko, kesho hauko. Mupango wa maneno tu njo ulimukosesha ugali.

Pale katika biro yetu kulikuwa muzee mumoja, mwalimu wa zamani, mwenye anatusaidiaka kuandika barua. Aliangalia karatasi, akacheka kidogo bila furaha, akachukua kalamu akaandika maneno mawili yenye hatukujua: labortago, taglaboro. Akasema: « Ya kwanza ni siku ya kazi. Ya pili ni kazi ya siku. Ni Esperanto. Nilijifunza ile luga kwa barua, wakati nilikuwa kijana. Mu ile luga huwezi kuwadanganya watu na mupango wa maneno, juu kanuni ni moja na kila mutu anaijua. »

Tangu ile siku, kila siku ya posho mangaribi, tunakaa naye saa moja. Tunataka kuwaelezea yenye tulipata.

Munganga wa macho

Esperanto haikuzaliwa mu kijiji wala mu kabila. Iliandikwa na mutu mumoja, Ludwik Lejzer Zamenhof. Alizaliwa mwaka wa 1859 mu muji wa Białystok, wenye ilikuwa chini ya ufalme wa Urusi, na leo iko katika Poland. Mu ule muji Wayahudi walisema Kiyidishi, wengine Kipolishi, wengine Kirusi, wengine Kijerumani, na kila kundi iliangalia ingine kwa jicho mubaya. Zamenhof mwenyewe alikuwa Muyahudi. Alisomea kazi ya munganga wa macho, lakini tangu utoto aliwaza luga moja ya katikati, yenye haiko ya kundi lolote, kusudi mutu asiache luga ya mama yake na bado aelewane na jirani.

Mwaka wa 1887, katika Warsaw, alitoa kitabu kidogo. Hakuandika jina yake ya kweli. Aliandika « Doktoro Esperanto », maana yake « Munganga mwenye anatumaini ». Watu wakachukua lile jina wakaipatia luga yenyewe. Sheria zake ni 16 tu. Muzee alituomba tuanze na mbili: ya 10, juu ya fasi sauti inakaza, na ya 11, juu ya kuunganisha maneno.

Sauti inakaza wapi

Sheria ya 10 inasema: sauti inakaza kila mara ku kipande cha pili kutoka mwisho. Hakuna kingine cha kukumbuka.

Sisi tulicheka wakati tulisikia ile, juu tuko nayo ndani ya kinywa tangu tulizaliwa. Sema « shaba »: SHA-ba. Sema « kazi »: KA-zi. Ongeza kipande, « kazini », na sauti inasogea yenyewe: ka-ZI-ni. « Muchimbaji »: mu-chi-MBA-ji. Hakuna mwalimu mwenye alitufundisha; mama alitunyonyesha nayo. Na tunajua kama ukikosea fasi, maana inabadilika: bara-BA-ra ni njia kubwa, lakini ba-RA-bara ni sawasawa kabisa.

Basi Esperanto inaenda vile vile. Laboro ni kazi: la-BO-ro. Laboristo ni mutumikaji: la-bo-RIS-to. Laboristaro ni watumikaji wote pamoja: la-bo-ris-TA-ro. Munaona? Neno inarefuka, sauti inatembea, lakini inabakia kila mara kipande kimoja mbele ya mwisho.

Watoto wetu wenye walisoma sana Kifaransa njo walipata shida kuliko sisi. Kifaransa inakaza ku mwisho, kwa hiyo walisoma « laboristO ». Mama mumoja, bibi ya muchimbaji, hajamaliza hata masomo ya msingi, alisoma vizuri ku mara ya kwanza. Muzee akamuambia: « Mama, uko na masikio ya Zamenhof. » Hakusahau lile neno, anatukumbushaka kila juma.

Kuko fasi moja ya kuangalia. Kila herufi ya sauti, a, e, i, o, u, inafanya kipande chake. Kwa hiyo radio haisomwe sawa Wafaransa wanafanya. Ni ra-DI-o, sawa vile sisi tunasema si-KI-o. Familio, jamaa, ni fa-mi-LI-o. Na herufi j wanaisoma sawa y yetu, ŝ sawa sh, ĉ sawa ch. Ukijua ile, unaweza kusoma karatasi yoyote ya Esperanto kwa sauti, hata bila kuelewa, na muzungumuzaji wa Japani au wa Brazil atakuelewa.

Kuunganisha maneno

Sheria ya 11 inasema: maneno yanaunganishwa kwa kuyaweka tu karibu, na neno kubwa linakaa ku mwisho. Mufano wenye Zamenhof mwenyewe alitoa ni vaporŝipo: vaporo ni mvuke, ŝipo ni mashua kubwa. Mashua ya mvuke. Kichwa cha neno ni ŝipo; vaporo anaeleza tu ni mashua ya namna gani.

Hapa Kiswahili kinaenda upande ingine. Sisi tunatia kichwa mbele: mufanyakazi, mwanasheria, shimo la shaba. Wao wanatia kichwa nyuma. Kwa hiyo muzee alitufundisha: « Neno refu la Esperanto, mulisome kutoka nyuma, sawa mutu mwenye anatoka mu shimo: anaanza ku fasi alifika, anarudi mulangoni. »

Mino ni mugodi. Kupro ni shaba. Kupromino ni mugodi wa shaba. Kupro peke yake inakaza KU-pro, lakini ikiingia katika neno kubwa inaacha nguvu yake kwa mukubwa wake: ku-pro-MI-no. Neno mupya ni moja, na mukazo wake mukubwa ni mumoja. Ni sawa kwetu: mwana na maji, kila moja iko na sauti yake, lakini « mwanamaji » inakaza tu ku MA.

Mutauliza: sababu gani ile o ya kupro imebaki katikati, na ile ya vaporo imetoka? Jibu ni ya kinywa. « Kuprmino » nani anaweza kuisema? Basi wanaacha o kusudi ulimi upite. Fasi ulimi unapita bila shida, o inatoka: labortago, taglaboro.

Kisha kuko vipande vidogo vyenye vinashikana na shina. Kipande -ist- ni mutu wa kazi fulani: ministo, muchimbaji. Kipande -ej- ni fasi: laborejo, fasi ya kazi. Kipande -il- ni chombo: laborilo, chombo cha kazi. Kipande -estr- ni mukubwa: laborestro, kapita. Kipande mal- kinageuza maana: sana ni mwenye afya, malsana ni mugonjwa. Ongeza -ul-, mutu: malsanulo. Ongeza -ej-, fasi: malsanulejo, fasi ya wagonjwa, hospitali.

Neno lenye lilitufurahisha zaidi ni ŝtupetaro. Ŝtupo ni fasi ya kukanyaga mguu. -et- ni kidogo. -ar- ni kundi. Kundi la fasi ndogo za kukanyaga: ngazi. Mutu mwenye hajaonaka ngazi, ukimuelezea vile ataelewa.

Na kwa sindika: striko ni mugomo, rompi ni kuvunja. Strikrompanto ni mutu mwenye kuvunja mugomo. Mutu wa aina ile tunamujua vizuri hata mbele ya Esperanto.

Fasi maneno yanadanganya

Tusiwaambie kama ile luga haina matundu. Kolego inaweza kukatwa namna mbili. Koleg-o ni mwenzako wa kazi. Lakini kolo ni shingo, na -eg- ni kubwa. Kol-eg-o ni shingo nene. Sauti haikusaidie, juu pande zote mbili ni ko-LE-go. Ni maneno mengine yenye yanazunguka njo yanakuonyesha mutu anakusalimia ao anakutukana. Kanuni nzuri haiondoe kazi ya kuangalia. Ile tuliiandika mu kitabu chetu, na tutarudilia ku karatasi ya kijana wetu.

Fasi ya urafiki, juu ya zinki

Sasa habari yenye ilitugusa zaidi, juu inahusu wachimbaji sawa sisi.

Nyuma ya vita vya Napoléon, ufalme wa Uholanzi na ufalme wa Prusia waligawanya mipaka. Walikosa kusikilizana juu ya fasi moja ndogo karibu na muji wa Aachen, juu pale kulikuwa mugodi wa zinki. Hakuna mwenye alikubali mwingine auchukue. Mwaka wa 1816 wakapatana: ile fasi isiwe ya mutu. Wakaiita Moresnet isiyo na upande. Ilikuwa na kilometa za mraba kama tatu na nusu tu. Ubelgiji ilipojitenga na Uholanzi, tangu 1830, njo ikachukua kiti cha Uholanzi. Watu wakaja kutoka pande zote kutafuta kazi, na kijiji cha Kelmis, chenye Wafaransa wanaita La Calamine, kikajaa. Kazini na mu kantini ulisikia Kijerumani, Kifaransa, Kiholanzi na luga ya kijiji.

Kompanyi yenye ilichimba pale ilikuwa Vieille-Montagne, ilianzishwa mwaka wa 1837. Zinki yake ilifunika manyumba mingi ya Paris. Lakini mwaka wa 1885 udongo muzuri uliisha. Mugodi ukafungwa. Watu walibakia na kijiji bila shimo, na falme mbili zenye zilianza tena kuwaangalia sawa nyama ya kugawanya.

Munganga wa ile kompanyi, Wilhelm Molly, alikuwa anapenda Esperanto. Mwaka wa 1908, pamoja na Mufaransa Gustave Roy, alitoa wazo: ile fasi isiyo na upande iwe inchi ya Esperanto, ya kwanza katika dunia. Watu wakakusanyika, wakaimba, wakachagua jina: Amikejo.

Tuikate sawa vile tulijifunza. Amiko ni rafiki. -ej- ni fasi. Fasi ya marafiki. A-mi-KE-jo. Muzee alituonyesha kama Kiswahili kinaweza kufanya vile vile kwa kipande kimoja cha mwisho: urafiki, urafikini. U-ra-fi-KI-ni. Sauti inakaza fasi moja.

Ile inchi haikusimama. Watu wachache tu wa kijiji walijifunza luga yenyewe. Vita vya 1914 vikakuja, Ujerumani ikaichukua fasi, na kisha mapatano ya Versailles ya 1919 ikaipatia Ubelgiji. Mwaka wa 1920 Moresnet ilikuwa imekwisha. Leo Kelmis iko katika sehemu ya Ubelgiji yenye inasema Kijerumani.

Sasa musikie sababu gani tunasema ile habari iko karibu na sisi. Union Minière du Haut-Katanga, yenye ilianzishwa mwaka wa 1906 na ilileta baba wa baba zetu mu makambi ya hapa, ilikuwa na mizizi katika Ubelgiji. Kisha serikali ilichukua migodi yake hapa kwetu, ile kompanyi ikaendelea kule Ulaya, na mwaka wa 1989 ikaunganishwa na Vieille-Montagne, ile ile ya Kelmis. Tangu 2001 jina yao ni Umicore. Kwa hiyo mutu wa zinki wa Kelmis na mutu wa shaba wa Katanga, historia yao iliishia katika kitabu kimoja cha mahesabu. Wao wenyewe hawakuandikianaka hata barua moja.

Luga ya kupokea amri, luga ya kujibu

Kulikuwa watu wenye walitaka wafanyakazi waandikiane. Mwaka wa 1921, katika Prague, watumikaji wenye walisema Esperanto walianzisha shirika lao, Sennacieca Asocio Tutmonda. Mutu wake mukubwa alikuwa Mufaransa Eugène Lanti, fundi wa mbao. Wazo lilikuwa mutu wa kiwanda katika Ujerumani aulize mwenzake wa Ufaransa moja kwa moja: wanakulipa ngapi, unatumika saa ngapi, bila kupita kwa bwana yeyote. Ile haikupendeza watawala. Hitler na Stalin, kila mumoja kwa upande wake, walifunga watu wa Esperanto na kuua wengi. Lidia, binti ya Zamenhof, aliuawa na Wanazi katika Treblinka mwaka wa 1942.

Kusini mwa Afrika kulikuwa pia luga ya migodi, Fanakalo, maneno mingi ya Kizulu na mengine ya Kiingereza. Ilifika mupaka ku Copperbelt ya Zambia. Ilisaidia watu wa kabila mingi kuelewana haraka chini ya udongo. Lakini sana sana ilikuwa luga ya amri: beba, leta, chimba, toka. Watu wengi wa sindika hawakuipenda juu ya ile.

Sisi tunaona tofauti pale. Luga yenye inakupatia tu neno la kutii, hauwezi kujenga kitu nayo. Luga yenye inakupatia kipande na kanuni, unaweza kufanya neno lenye bosi hajasikiaka. Kiswahili chetu iko na ile nguvu. Hatusemi muache Kiswahili mujifunze Esperanto. Mwenye anataka, njia iko: mwezi wa munane 2024 mukutano wao mukubwa wa dunia ulifanyika katika Arusha, Tanzania, ku mara ya kwanza katika Afrika. Sisi Esperanto ilitusaidia kwa kitu kingine: ilitufundisha kukata neno na kuuliza: kichwa chake ni kipi?

Turudi kwa kijana wetu

Tulichukua karatasi yake tukaikata vile. « Travail à la journée »: kichwa ni travail, journée inaeleza ni kazi ya namna gani. Kazi ya siku. Taglaboro. Kufika pale, karatasi ilikuwa na haki.

Lakini Code du travail ya 2002 inasema kitu kingine juu ya watu wa siku. Mutu mwenye ametumika siku 22 katika miezi mbili, wakimuchukua tena mbele ya ile miezi mbili kuisha, kontra yake inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Kijana wetu alikuwa na miezi tano. Maneno yenye yako ku karatasi yake hayawezi kupita sheria. Lakini inafaa kuonyesha zile siku, na yeye hakuwa anaandika. Bibi yake njo aliandika. Ndani ya kaye ya mutoto, kila siku aliweka alama, kusudi ajue kama mafranga ya juma inaenea. Tulihesabu pamoja naye ku meza: miezi mbili ya kwanza peke yake ilipita 22 mbali sana.

Tulipeleka ile kaye na karatasi kwa inspecteur du travail. Jibu haijatoka bado, na hatutawaahidi kitu chenye hatuna. Tutawaandikia hapa siku itatoka.

Kwa sasa tunawaomba mambo tatu. Moja: mutu asitie mukono siku ile ile wanamupatia karatasi, aombe kuirudisha nayo nyumbani, asome na mutu mwingine, polepole, kwa sauti. Mbili: mwenye anatumika kwa siku, aandike kila siku yenye aliingia, na bibi ao bwana yake aandike pia. Tatu: neno lenye hauelewi, usione haya, ulilete kwa delege wako. Sisi wenyewe tuko na miaka mingi mu hii kazi, na siku ya posho yenye ilipita tulibishana nusu saa juu ya neno kolego.

Masomo ni siku ya posho, saa kumi, fasi ile ile ya mikutano. Mukuje na kalamu. Wamama pia, zaidi wao, juu wao njo wako na makaye.